Gari la Dumu na Mteremko wa Mbulumbulu: Vidokezo 10 vya Kumfundisha Mtoto Fizikia

Mbulumbulu tumejaliwa kitu ambacho maabara nyingi za mjini hazina: mteremko. Tarafa yetu hii ya Wilaya ya Karatu imekaa juu, msitu wa Ngorongoro upande mmoja na ukingo wa Bonde la Ufa upande mwingine, na ukitembea kutoka Kambi ya Faru hadi Upper Kitete utapata shida kuona kiwanja ambacho mpira ukiwekwa chini hautabingirika. Watoto wamelijua hilo siku nyingi. Kila njia ya ng'ombe ina alama za magurudumu madogo: magari ya waya, magari ya dumu, magari ya mabua ya mahindi yanayovunjika kabla ya jioni na kuundwa upya kesho yake.

Vifaa vipo, ardhi ipo, na hamu ya mtoto ipo tele. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima wa kukaa kando na kuuliza swali moja zuri. Si lazima uwe umesoma fizikia. Mambo ya kani, msuguano na mashine rahisi mtoto atayakuta shuleni kwenye somo la sayansi, na aliyekwisha kuyashika kwa mikono yake nyumbani hatayaogopa atakapoyaona ubaoni. Vidokezo hivi vinawafaa watoto wa kuanzia miaka mitano hadi kumi na miwili hivi. Huna haja ya kuvifuata kwa mpangilio. Chukua kile ambacho vifaa vyake unavyo leo.

1. Mwache aliunde mwenyewe

Gari la dukani lenye betri linapendeza, lakini aliyelitengeneza ameshamaliza kufikiri kote. Mtoto anabaki kubonyeza tu. Mpe badala yake dumu la mafuta ya kula la lita tano lililotoboka, ndala zilizokatika, na spoki mbili za baiskeli.

Dumu linakatwa ubavu mmoja, likageuka bodi ya lori. Kwa magurudumu, weka kifuniko cha kopo juu ya soli ya ndala, mtoto azungushie alama kwa kalamu, halafu wewe mtu mzima ukate kwa kisu kikali. Magurudumu manne, yote ya kifuniko kimoja. Spoki zilizonyooshwa ndizo ekseli. Na hapa kuna ufundi mdogo unaobadilisha kila kitu: usipitishe spoki moja kwa moja kwenye plastiki. Kata ganda la kalamu ya wino iliyoisha, lifunge chini ya dumu kwa waya, kisha pitisha spoki ndani yake. Sasa spoki inazunguka kwa uhuru, na gari lililokuwa linasota hatua tatu linakwenda mpaka kwenye ua wa jirani.

Usikimbilie kurekebisha makosa yake. Tundu la gurudumu lisipokuwa katikati, gari litachechemea, na mtoto ataliona. Muulize, "Kwa nini linadunda?" Akikwama, mpe karatasi ya duara lenye ukubwa sawa na gurudumu, aikunje mara mbili, kisha aikunjue. Mikunjo inapokutana ndipo katikati ya duara. Vivyo hivyo ekseli mbili zisipoelekeana sawasawa, gari litapinda kila likiachiwa. Mtoto wa miaka saba akishalitatua hilo kwa mikono yake, jiometri imeshaanza, na hakuna aliyemtajia jina lake.

2. Weka jiwe kabla ya kuachia

Ukikumbuka kidokezo kimoja tu, kiwe hiki. Kabla gari halijaachiwa, kila aliyepo achukue jiwe na kuliweka pale anapodhani gari litasimama. Baba aweke la kwake, dada la kwake, mdogo mtu naye. Halafu ndipo gari liachiwe.

Jiwe linamlazimisha mtoto aamue anachokiamini kabla ya kuona. Bila jiwe, kila mtu atasema "nilijua." Akiwa na jiwe lake chini, pengo kati ya jiwe na gari linamkera, na huko kukereka ndiko kunakomfanya aulize kwa nini. Wanasayansi nao hufanya kazi kwa mtindo huo huo wa kutaja kinachotarajiwa, kisha kuangalia.

Ziwepo sheria mbili, na zisimamie bila huruma. Ya kwanza: gari linaachiwa, halisukumwi. Mkono wa mtoto hausukumi sawa mara mbili, lakini mteremko hauchoki wala hauna upendeleo. Ya pili: badilisha jambo moja tu kwa wakati. Ukiongeza mzigo na kuinua ubao kwa pamoja, gari likienda mbali hutajua ni lipi lililosababisha.

3. Tofali moja, mawili, manne

Tafuta ubao wenye urefu wa mita moja na nusu hivi, hata mlango mbovu unafaa. Egemeza ncha moja juu ya tofali moja la kuchoma. Pale ubao unapogusa chini, weka kipande cha boksi ili gari lisigonge kingo. Uwanja wa mbele uwe umefagiwa na uwe tambarare kadiri inavyowezekana. Na uwe mbali na barabara ya bodaboda. Gari likikimbia, mtoto atalikimbilia bila kutazama kushoto wala kulia.

Achia gari kutoka juu kabisa ya ubao. Pima umbali kwa kamba yenye mafundo. Weka tofali la pili, mawe ya makisio yawekwe tena, achia.

Watoto wengi watakisia kwamba litaenda mbele kidogo tu. Kumbe kimo kikiwa maradufu, umbali ambao gari linakwenda kwenye tambarare nao unakaribia kuwa maradufu. Tofali linalipa gari nishati, ardhi inainyang'anya kidogo kidogo mpaka iishe. Nishati mara mbili, safari mara mbili.

Kwa mtoto mkubwa, sogea hatua moja zaidi. Mwendokasi wa gari linapofika chini haukuwa maradufu. Ili uwe maradufu, unahitaji matofali manne. Hapo ndipo kuna jambo ambalo ningependa kila mzazi mwenye pikipiki alijue pia. Ligeuze: mwendokasi ukiwa maradufu, nishati ya gari inakuwa mara nne, na kwa breki zile zile linahitaji umbali mara nne kusimama. Gari la kweli linalokwenda kilomita 50 kwa saa lina nishati sawa na gari lililoanguka kutoka kimo cha mita 10 hivi. Likienda kilomita 100 kwa saa, ni sawa na kuanguka kutoka mita 40 karibu. Mwambie mtoto atafute mkaratusi mrefu kuliko yote kijijini, atazame juu.

4. Chupa inayodondosha

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na vumbi jekundu la kiangazi ndilo linalokifanikisha.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Toboa kizibo kwa sindano ya moto, na toboa tundu lingine dogo kitakoni ili hewa iingie. Jaza maji, ifunge kichwa chini nyuma ya gari la dumu. Kabla ya kuachia, hesabuni pamoja: tone, tone, tone. Yanadondoka kwa mapigo yaleyale? Yakidondoka ovyo, panua tundu la hewa kidogo. Mkiridhika, liachieni gari kwenye mteremko mrefu wenye vumbi laini, kisha mlifuate nyuma mkiwa mmeinama.

Ardhi imeandika. Matone ya mwanzo yamekaribiana kiasi cha kugusana. Kisha yanaachana kwa upana wa kidole, halafu kiganja, halafu hatua. Gari lilipofika tambarare, yanaanza tena kusogeleana mpaka linaposimama, na hapo kuna kidimbwi. Muda kati ya tone na tone ni uleule, ila nafasi zinaongezeka. Mtoto anaona kuchapuka kwa gari kwa macho yake, bila saa na bila hesabu.

Mwenye subira achukue rula. Gari likianza kutoka kusimama, nafasi za tone hadi tone zinaelekea kufuata namba witiri: 1, 3, 5, 7. Galileo Galilei wa Italia ndiye aliyelionyesha hilo, akabingirisha tufe la shaba kwenye mfereji uliochongwa katika ubao ulioinamishwa, akalichapisha katika kitabu chake cha 1638. Hakuwa na saa ya kuaminika kwa muda mfupi hivyo. Alitumia maji: aliyaacha yatiririke kwenye chombo kwa bomba jembamba, kisha akayapima uzito. Vipimo vyako vya Mbulumbulu havitakuwa safi kama vyake kwa sababu ardhi ina mabonde, lakini mwelekeo utauona.

5. Lori lenye mzigo na lori tupu: lipi litafika kwanza?

Unda magari mawili yanayofanana. Moja lijaze mawe au mahindi, lingine liache tupu. Yaweke bega kwa bega juu ya ubao, zuia kwa fimbo moja, kisha inua fimbo ghafla ili yaondoke kwa wakati mmoja.

Karibu kila mtoto atasema zito litashinda. Watu wazima nao husema hivyo. Magurudumu yakiwa mazuri, yanafika karibu sawa. Dunia inalivuta lori zito kwa nguvu zaidi, ni kweli, lakini lori hilo hilo ni gumu zaidi kulianzisha, na mambo hayo mawili yanalingana. Tupu likibaki nyuma sana, kagua ekseli zake kabla ya kubadilisha imani yako.

Sasa weka boksi tupu la sabuni mwisho wa ubao na uachie moja moja. Yamefika kwa kasi ileile, lakini angalia boksi limesukumwa umbali gani. Lori la mzigo litalipeleka mbali zaidi. Ukipita siku ya mnada ukaona lori la shayiri linashuka, mtoto atakwambia mwenyewe kwa nini anasimama mbali na barabara.

6. Msuguano si adui

Baada ya kupaka ganda la kalamu mafuta ya kula na kuona gari linavyokimbia, mtoto ataamini kwamba msuguano ni kitu cha kufukuzwa. Mwache aamini kwa siku moja.

Kesho yake mpeleke kwenye ardhi tofauti, ubao uleule, kimo kilekile: sakafu ya saruji, uwanja uliofagiwa, vumbi laini la njia ya ng'ombe, majani, kisha mahali penye tope. Kila pahali pawe na jiwe la makisio. Saruji itashinda. Vumbi laini litashangaza, kwa kuwa gari linazama na kusimama mapema, ingawa linaonekana laini. Badilisha magurudumu, weka mapana, jaribu tena. Sasa muulize kwa nini trekta lina matairi makubwa vile.

Halafu muulize mtoto swali la tope: kwa nini gari la kweli linakwama? Udongo wetu wa masika tunaujua. Gurudumu linazunguka, gari halisogei. Hakuna msuguano wa kutosha wa kulishika ardhini. Madereva hufunga minyororo kwenye matairi, wengine hutandika majani na mawe. Mtoto naye, akishaliundia gari lake injini ya mpira ya kidokezo cha 10, aufunge mkia wa kamba ya katani kuzunguka magurudumu yake ya ndala, aone kama unasaidia. Atagundua kwamba msuguano uleule unaochelewesha ekseli ndio unaowezesha gurudumu kusukuma, breki kushika na yeye mwenyewe kutembea. Tunautaka kwenye tairi na hatuutaki kwenye ekseli.

7. Abiria wa udongo

Finyanga mtu wa udongo, mkubwa kama kidole gumba. Mketishe juu ya gari bila kumfunga. Mwisho wa mteremko weka jiwe kubwa. Achia.

Gari linasimama. Abiria hasimami. Anaruka mbele, anaangukia upande wa pili wa jiwe. Sasa uliza swali ambalo watoto hulijibu vibaya kwa furaha: "Nani amemsukuma?" Watasema jiwe, watasema gari, watasema upepo. Jibu ni kwamba hakuna. Alikuwa anakwenda pamoja na gari, gari likazuiwa, yeye hakuzuiwa na mtu, akaendelea na safari yake. Hiyo ndiyo inesha, na Isaac Newton wa Uingereza aliiweka kuwa kanuni ya kwanza kati ya tatu za mwendo alizochapisha mwaka 1687.

Mfunge abiria kwa uzi mwembamba, achia tena. Uzi ukiwa mwembamba mno utamkata. Tumia utepe mpana wa kitambaa, aone tofauti. Kisha jaribu gari linaloondoka ghafla kwa kuvutwa kamba: safari hii abiria anaanguka nyuma. Kwa nini nyuma? Mwache alale nalo.

Kwa sisi wa Karatu kidokezo hiki si mchezo mtupu. Mei 6, 2017, basi dogo lililobeba wanafunzi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia Marera. Walifariki watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walionusurika walipelekwa Marekani kutibiwa. Sisemi kwamba mkanda peke yake ungebadilisha yaliyotokea asubuhi ile. Nasema kwamba barabara hiyo ni yetu, watoto wetu wanaipita, na mtoto aliyemwona mtu wake wa udongo akiruka atafunga mkanda bila kuambiwa, na ataona aibu kidogo kumwacha baba yake asifunge. Sipendi kumtisha mtoto. Maelezo yaliyo wazi, yanayotokana na mikono yake, yanamkaa kuliko kutishwa.

8. Jenga kilima cha Mto wa Mbu

Kila aliyepanda gari kutoka Mto wa Mbu kuja huku anakumbuka zile kona. Barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kujipinda, Ziwa Manyara linazidi kushuka chini yako, na mtoto aliyekaa dirishani anauliza kwa nini hawakuinyoosha.

Mjibu kwa koleo. Rundika udongo kimo cha goti, umwagie maji kidogo, upigepige ukaze. Chonga barabara mbili: moja iliyonyooka kutoka chini hadi kileleni, nyingine inayozunguka kwa kona tatu au nne. Sasa unahitaji kipima nguvu. Kata utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, mwembamba kama kamba ya kiatu, uufunge mbele ya gari lenye mzigo. Mtoto alivute gari kwa utepe huo, polepole, mwingine akipima kwa rula utepe umenyumbuka kiasi gani.

Kwenye barabara iliyonyooka utepe unanyumbuka sana. Kwenye ile ya kona unanyumbuka kidogo. Lakini pimeni sasa barabara zenyewe kwa uzi: ya kona ni ndefu zaidi. Kimo kilichopandwa ni kilekile, kazi ya kulipandisha gari ni karibu ileile, ila umeigawa kwa vipande vidogo katika safari ndefu. Injini ya lori haina nguvu za kupanda ukuta, kwa hiyo mhandisi alimkopesha dereva urefu. Punda aliyebeba maji hafundishwi haya na mtu. Mwangalie anavyokata mlima kwa kupindapinda.

Kushuka nako kuna somo lake, na hapa Ngorongoro inatupa mfano usio na mfano. Kreta ina kina cha mita 600 hivi. Magari mengi ya watalii yanashuka kwa barabara ya Seneto na kupanda kwa nyingine. Chukua gari lenye tani 3 pamoja na abiria. Likifika chini, nishati yote lililokuwa nayo kwa kuwa juu lazima iwe imekwenda mahali. Dereva akishuka kwa breki tupu, nishati hiyo inageuka joto kwenye breki, na joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji baridi. Ni ndoo mbili kubwa na nusu. Ndiyo sababu dereva mzoefu anashuka kwa gia ndogo, akiiacha injini imsaidie kuzuia. Mtoto asugue viganja vyake kwa nguvu mara ishirini, avibandike shavuni. Ameshaielewa breki.

9. Swali usilolijua, liheshimu

Utaulizwa mambo usiyoyajua. Kwa nini gari dogo linayumba likikimbia sana? Kwa nini gurudumu la mbele linaonekana kuzunguka kinyumenyume kwenye video ya simu? Sema, "Sijui, tujaribu," au "Tuliandike." Weka daftari moja la maswali, linalotundikwa msumarini jikoni, na siku mwalimu wa sayansi akipita, mtoto amuulize mwenyewe.

Swali moja la namna hiyo lilifika mbali. Mwaka 1963, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Yeye aliweka mchanganyiko wake kwenye jokofu ukiwa bado wa moto, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Akaendelea kuliuliza swali hilo hata alipofika Mkwawa, Iringa, ambako alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwa pamoja. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, chuo ambacho wahifadhi wengi wa hifadhi zetu wamepitia. Wanafizikia duniani kote wanaita jambo hilo kwa jina lake, na mpaka leo bado wanabishana kuhusu chanzo chake na hata kuhusu ni lini hasa hutokea.

Kilichofanya kazi pale ni ukaidi wa kijana na mtu mzima mmoja aliyekubali kujaribu. Nafasi hiyo ya pili ni yako. Na tafadhali, binti yako naye apewe kisu cha kukatia ndala na spoki ya kunyoosha akishafikia umri wa kushika kisu. Mara nyingi kaka anaunda, dada anaambiwa akateke maji. Maji wateke wote, kisha wote waje uwanjani.

10. Msimu na injini ya barazani

Wakati mzuri wa haya yote ni baada ya mavuno, Julai mpaka Septemba hivi. Mashamba yako wazi, mabua ni ya bure, vumbi ni laini, na matone ya chupa yanaonekana vizuri. Asubuhi mapema ni bora. Mchana upepo wa ukingoni unavuruga magari mepesi ya mabua, ingawa hilo nalo ni jaribio ukitaka.

Mvua ikianza, hamieni barazani na muundie gari injini. Ya kwanza ni ya mpira: funga ncha moja ya utepe wa tyubu mbele ya bodi na nyingine kwenye ekseli ya nyuma, uuzungushe kwa kurudisha gari kinyumenyume, halafu achia. Mtoto ahesabu mizunguko na kuweka mawe ya makisio kama kawaida. Mizunguko mitano, kumi, kumi na tano. Kuna mahali ukizidisha, magurudumu yanateleza sakafuni badala ya kulisukuma gari, na kidokezo cha sita kinarudi chenyewe.

Ya pili ni ya puto. Funga mdomo wa puto kwenye ganda la kalamu, lilaze juu ya gari la boksi jepesi, ganda likitazama nyuma. Lipulize, ziba kwa kidole, achia. Hewa inasukumwa nyuma, gari linasukumwa mbele; roketi inakwenda kwa kanuni hiyo hiyo. Kisha simamisha ubao mdogo juu ya gari lenyewe, nyuma ya ganda, ili hewa yote inayotoka iugonge. Weka mawe: litakwenda mbele, litarudi nyuma, au litasimama? Hili sikujibu hapa. Puto ni bei ndogo, na watoto wako wanakusubiri barazani.